Mlango wa Nyuma wa Duka Kubwa: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa masoko ya Kibuye na Jubilee, wakulima mliotoka Ahero, Muhoroni na Homa Bay, wanafunzi wa biashara, na ninyi wageni wetu mnaofikiria kuleta mitaji yenu katika mji huu, hamjambo. Nawashukuru kwa kunialika na kwa kuja mapema hivi siku ya kazi.

Nimeombwa nizungumzie changamoto za kimaadili zinazomkabili mfanyabiashara wa rejareja anayetoka nje ya nchi na kuingia katika soko linaloinukia kama letu. Mara nyingi mazungumzo ya aina hii huanzia mlango wa mbele wa duka, pale ambapo utepe hukatwa, wakubwa hupiga picha, na wateja husukumana kuwahi bei za ufunguzi. Mimi naomba ruhusa yenu nianzie mlango wa nyuma, kule mizigo inakopokelewa, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kidogo nikijuacho juu ya maadili ya biashara hii.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na marehemu mama yangu tulikuwa tukitengeneza siagi ya njugu katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu mtaani Nyalenda. Njugu tulizinunua kwa wakulima wa Ndhiwa. Tulizikaanga, tukazipepeta, tukazisaga kwa mashine tuliyoipata kwa mkopo wa chama, na kuitia siagi hiyo katika chupa za gramu 400. Tulipokwisha kupata idhini zote zinazotakiwa, supamaketi moja kubwa, ambayo sitaitaja jina, ilikubali kuuza bidhaa yetu. Mkataba ulisema tutalipwa baada ya siku 30.

Kwa wale ambao hawajawahi kupeleka mzigo katika duka la namna hiyo, nieleze hali ilivyo. Magari hupanga foleni tangu alfajiri. Malori ya kampuni za unga na mafuta ya kupikia huingia kwanza, na tuktuk yetu ilisubiri hadi saa nne. Karani wa kupokea bidhaa alifungua kila katoni, akageuza chupa moja moja kutazama tarehe, akakataa mbili ambazo kibandiko chake kilikuwa kimekaa upande, kisha akapiga muhuri wa wino wa buluu kwenye karatasi yetu. Bila muhuri ule huwezi kudai chochote. Mama aliikunja karatasi mara mbili, akaifunga katika pindo la leso yake kama mtu anayefunga noti, na tulirudi nyumbani tukijihesabu kuwa watu waliokwisha kulipwa.

Siku 30 zilipita, kisha 60. Meneja wa tawi alitwambia kwa upole kwamba malipo hufanywa Nairobi. Nairobi walitwambia kwamba ankara yetu iko katika foleni. Wakati huo wote duka liliendelea kuagiza, nasi tuliendelea kupeleka, kwa kuwa aliyesimamisha mzigo aliondolewa rafuni, na aliyeondolewa rafuni hakurudi tena. Katika mwezi wa tisa wa kungoja ndipo hundi ilipokuja. Tulikuwa tukidai shilingi 312,400. Hundi ilikuwa ya shilingi 241,150, na pamoja nayo kulikuwa na karatasi ya makato: ada ya nafasi ya rafu, mchango wa sherehe za duka kutimiza mwaka, punguzo la msimu ambalo hatukuwahi kuliridhia, na thamani ya chupa zilizovunjikia ndani ya duka lao, mikononi mwa wateja wao. Wakulima wa Ndhiwa hawakujua habari za foleni ya Nairobi. Walinijua mimi. Mjane mmoja aliyekuwa akituuzia magunia mawili kila msimu alinipokea, akanikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho, na msimu uliofuata akawauzia watu wengine. Sikuwa na neno la kumlaumu.

Supamaketi hiyo ilikuwa ya Wakenya wenzetu. Nalisema hili mapema ili nisisikike kama mtu aliyekuja hapa kumshambulia mgeni kwa sababu ya pasipoti yake. Nakumatt, iliyokuwa mojawapo ya supamaketi zetu kubwa na iliyoanzia Nakuru kama duka la magodoro, ilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 wadai walipopiga kura ya kuifunga kabisa mnamo Januari 2020, na katika wadai hao walikuwamo wasambazaji wengi ambao bidhaa zao zilikuwa zimekwisha kuuzwa na kuliwa. Tuskys, iliyotokea eneo hilo hilo la Nakuru, ilifuata njia hiyo muda mfupi baadaye. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, ilianguka mapema kuliko zote mbili. Kwa hiyo mgeni anapofika hapa haikuti nchi ya malaika. Anakuta desturi zilizokwisha kuzoeleka, nyingine mbaya sana, na watu waliokwisha kukata tamaa ya kuzipinga.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mtihani wake wote wa kimaadili ulipo. Swali analopaswa kujibu ni kama udhaifu alioukuta kwetu ataufanya kibali chake. Anakotoka huenda kuna sheria kali, chama cha wafanyakazi chenye nguvu na gazeti linalofuatilia, na chini ya hayo yote amejizoeza kutenda haki. Akifika mahali ambapo mambo hayo ni hafifu, je, atabaki na mwenendo wake au atauacha kwenye uwanja wa ndege? Jibu la kawaida, ambalo nimelisikia kwa masikio yangu katika vikao, ni kwamba hivi ndivyo biashara inavyofanywa huku. Jibu hilo ndilo ninalolikataa leo.

Tazameni suala la malipo tu. Katika Umoja wa Ulaya kuna agizo la mwaka 2019 linalokataza mnunuzi mkubwa kumlipa msambazaji mdogo wa vyakula vinavyoharibika haraka baada ya siku 30 kupita. Kampuni inayotii kanuni hiyo Lyon au Madrid inaelewa vizuri kabisa kwa nini maziwa na mboga vilipwe mapema: mkulima hana ghala la fedha, na ng'ombe hasubiri kula. Maarifa hayo hayapotei mtu anapovuka bahari. Ng'ombe wa Kano hapa kwetu na ng'ombe wa Normandy kule Ufaransa wote hula kila siku. Kampuni ikiamua kumlipa mkulima wa kule kwa mwezi mmoja na wa huku kwa miezi mitano, basi imefanya uamuzi juu ya thamani ya watu hao wawili, hata kama uamuzi huo umeandikwa kwa lugha ya uhasibu.

Wala si kweli kwamba huku hakuna sheria. Sheria yetu ya Ushindani ni ya mwaka 2010, na imefanyiwa marekebisho ili ishughulikie moja kwa moja matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Inataja kwa majina mambo ambayo sisi wa mlango wa nyuma tunayafahamu: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kuvunja mkataba ghafla, kukataa au kurudisha bidhaa kinyume cha makubaliano, na kumtwika msambazaji gharama na hasara ambazo ni za mwenye duka. Adhabu yake inaweza kufika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia hapa nchini. Si jambo dogo.

Na sheria hiyo imekwisha kutumika. Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha maduka yenye jina la Carrefour hapa Kenya tangu mwaka 2016, ilishtakiwa mbele ya Mamlaka ya Ushindani na Orchards, kampuni ya Kenya inayotengeneza yogati. Mwaka 2020 Mamlaka iliamua kwamba nguvu za mnunuzi zilikuwa zimetumiwa vibaya, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 Mamlaka iliitoza kampuni hiyo hiyo faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia na sabuni. Sikuitaja kesi hii kwa nia ya kumchafulia mtu jina. Ni uamuzi wa hadhara, na kampuni hiyo imewaajiri vijana wengi wa nchi hii na kununua bidhaa nyingi za wakulima wetu. Nimeitaja kwa sababu ya jambo moja lililokuwamo katika malalamiko hayo, ambalo mara nyingi tunalipita haraka, nalo ni rebeti.

Rebeti ni fedha ambazo msambazaji humrudishia mwenye duka kutokana na mauzo. Ukisoma mkataba utaiona kama asilimia ndogo isiyotisha. Lakini inakatwa katika ankara kabla hujalipwa, na juu yake huja ada ya bidhaa mpya, ada ya tawi jipya, katoni za bure za ufunguzi, na sharti la kupeleka wafanyakazi wako mwenyewe wapange bidhaa kwenye rafu za duka ambalo si lako, kwa mshahara unaoutoa wewe. Msambazaji mkubwa anayachanganya yote hayo katika bei yake na kuendelea na safari. Mama anayetengeneza yogati Kisii au siagi ya njugu Nyalenda hawezi kupandisha bei, maana rafuni amesimama kando ya kampuni inayotengeneza chupa laki moja kwa siku. Kwa hiyo anapunguza malipo ya mkulima wake, au anapunguza njugu ndani ya chupa, au anafunga mashine. Sisi tulifunga mashine.

Mtaniuliza kwa nini hatukwenda kulalamika. Tuliogopa. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja haendi kumshtaki mnunuzi huyo. Mgeni mwenye maadili anapaswa kulijua hilo, na asihesabu ukimya wa wasambazaji wake kuwa ni ridhaa yao.

Sasa niwageukie wateja, kwa kuwa wao nao wana haki, na hotuba inayomtetea msambazaji peke yake ingekuwa pungufu. Bei nafuu ni jambo jema. Mama wa mtaa wa Obunga anayenunua sukari, unga na sabuni kwa shilingi chache kuliko jana amepata nauli ya mtoto wa shule, na sitaki mtu yeyote asimame hapa kumwambia alipe zaidi ili kulinda faida ya muuza duka. Mwanzoni mwa mwaka 2023, duka la China Square lilipofunguliwa kando ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wateja walipanga foleni wakati wafanyabiashara wa katikati ya Nairobi walikuwa wakiandamana. Waziri wa biashara wa wakati huo aliingilia kati kwa kauli kali. Katika zogo lile, wageni waliambiwa warudi kwao kwa sababu tu ni wageni, na jambo hilo lilinihuzunisha, kwani mababu wa majirani zetu wengi mjini humu waliambiwa hivyo hivyo, na bila wao hata maduka ya kwanza ya Kisumu yasingekuwapo. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, aliyefungua duka kando ya ziwa na kuuza chumvi na nguo alikuwa Mhindi aliyetoka mbali.

Swali la haki kuhusu bei nafuu ni kuuliza nani ameilipia tofauti. Kama muuzaji amepunguza bei kwa kununua moja kwa moja kiwandani, kupanga magari yake vizuri na kutopoteza bidhaa, amefanya kazi njema na anastahili wateja wake. Kama amepunguza bei kwa kumkalia msambazaji miezi tisa, kwa kumlipa mpanga bidhaa chini ya kiwango, au kwa kuuza kwa hasara hadi maduka ya jirani yafungwe ndipo apandishe, basi mama wa Obunga amepewa kwa mkono mmoja kile ambacho ndugu yake wa Ndhiwa amenyang'anywa kwa mkono wa pili.

Mfano ulio karibu nasi ni samaki. Ngege, yaani tilapia wa ziwa hili, anayevuliwa Dunga au kufugwa katika vizimba, mnamjua kwa macho: jicho lake ni angavu, matamvua yake ni mekundu, na akina mama wa soko watakuruhusu uyafunue uangalie mwenyewe. Kwa miaka mingi sasa tumeona pia tilapia walioganda, waliotoka China katika katoni, wa ukubwa unaolingana kama matofali, kwa bei ambayo mvuvi wetu hawezi kuifikia. Sina ugomvi na samaki huyo. Ni chakula, na wapo wanaoweza kumnunua huyo tu. Ugomvi wangu ni pale anapoyeyushwa usiku, akalazwa juu ya barafu asubuhi, akaandikiwa bei bila kuandikiwa alikotoka, ili mnunuzi adhani ametoka hapo chini ufukweni. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kibandiko cha karatasi kinachosema samaki huyu ametoka nchi gani, amegandishwa na kuyeyushwa, hakigharimu hata shilingi moja. Duka la mgeni linaloweka kibandiko hicho bila kusukumwa litakuwa limewafunza na wenyeji.

Juu ya wafanyakazi nitasema machache, si kwa kuwa ni jambo dogo, ila kwa sababu wapo hapa viongozi wa vyama vyao wanaoweza kulieleza kuliko mimi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, au kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, achukuliwe kuwa mwajiriwa wa mkataba. Mnawajua vijana wanaoachishwa kazi siku ya ishirini na tisa na kuitwa tena wiki inayofuata. Meneja anayepanga hivyo ameisoma sheria vizuri sana.

Afrika Kusini ilitupa funzo lenye manufaa katika jambo hili. Walmart ya Marekani ilipotaka kununua asilimia 51 ya Massmart, kampuni ya maduka ya huko, mwaka 2011, vyama vya wafanyakazi na mawaziri watatu walipinga. Ununuzi uliruhusiwa kwa masharti, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani iliamuru wafanyakazi 503 walioachishwa kazi kabla ya mauzo warudishwe. Mfuko wa kuwainua wasambazaji wadogo, ambao mwanzoni ulikuwa wa randi milioni 100, ukaongezwa hadi milioni 240. Mgeni hakufukuzwa, na duka halikufungwa kwa sababu ya masharti hayo. Aliambiwa mlangoni ni nani waliomo ndani na wanamtegemea, kabla hajaingia. Sisi tumezoea kuuliza maswali hayo baada ya sherehe.

Lipo pia suala la kitu kidogo, yaani hongo. Leseni ya biashara, ukaguzi wa afya, idhini ya ujenzi, umeme, maji, nafasi ya kuegesha malori: kila karatasi ina meza yake, na penye meza kuna mtu anayeweza kukuchelewesha. IKEA ya Sweden ilipokuwa ikijiandaa kufungua duka lake la kwanza karibu na Moscow mwaka 2000, ilidaiwa hongo ili iunganishiwe umeme. Ikakataa, ikakodi majenereta ya dizeli na kufungua duka lake kwa mwanga huo. Ni kisa kinachosimuliwa sana, na ni sawa kisimuliwe. Lakini msiishie hapo. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliwafukuza mameneja wake wawili wa ngazi za juu nchini Urusi kwa kufumbia macho hongo iliyotolewa na mkandarasi, tena kwa ajili ya umeme, wa jengo lao la St Petersburg. Msimamo wa siku ya kwanza haukutosha kumlinda mtu kwa miaka kumi.

Neno la kuangalia hapo ni mkandarasi. Walmart ililipa dola milioni 282 mwaka 2019 kumaliza madai ya serikali ya Marekani kuhusu nchi za Mexico, Brazil, China na India, na kiini cha madai hayo kilikuwa watu wa kati, wale wanaoajiriwa kushughulikia vibali ili mkubwa asiulize vimepatikanaje. Hapa kwetu tunawajua watu hao, nao ni wakarimu na wana namba za simu za kila mtu. Sheria yetu ya Hongo ya mwaka 2016 inataka kampuni binafsi nayo iwe na taratibu za kuzuia rushwa, na haitoshi kusema aliyetoa ni wakala. Kwa hiyo mgeni anayekodi mtu wa kuharakisha mambo amwombe stakabadhi ya kila senti. Akikosa stakabadhi, ajue amekwisha kulipa hongo. Na sisi wenyeji tunaopokea tusijifiche nyuma ya mgeni. Hongo haina mkono mmoja.

Wakati mwingine mgeni huja bila kubadilisha hata kibao cha mlangoni. Naivas, iliyoanzia eneo la Nakuru mwaka 1990 kama duka la familia, sasa inamilikiwa kwa sehemu kubwa na kundi la IBL la Mauritius pamoja na washirika wake, walionunua asilimia 40 mwaka 2022 na kuongeza hadi 51 mwaka uliofuata. Silisemi kwa ubaya. Nalisema ili tusidhani kwamba mazungumzo haya yanawahusu tu wenye majina ya kigeni juu ya paa. Maswali ya msambazaji ni yale yale: nani anaamua tarehe ya malipo sasa, na yuko wapi nimfikie?

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa suala ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kuondoka. Choppies ya Botswana iliingia nchini kwa kununua maduka ya Ukwala, jina ambalo sisi watu wa magharibi tulikuwa tumelizoea, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba inajiondoa. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka lake la kwanza Nairobi Desemba 2018, na mwanzoni mwa 2021 ilikuwa imekwisha kufunga. Game, nayo ya Afrika Kusini, ilikuja mwaka 2015 na kuondoka mwishoni mwa 2022. Biashara kushindwa si dhambi. Mtu amejaribu, hesabu zimekataa, amefunga. Lakini duka likifilisika, sheria huwatanguliza benki yenye dhamana na wengine wenye haki ya kulipwa kwanza, na msambazaji asiye na dhamana husimama mwisho wa mstari, akitazama kama kitabaki kitu. Mwenye duka huona dalili za kufunga miezi mingi kabla ya mtu wa tuktuk. Katika miezi hiyo, akiendelea kuagiza mzigo kwa mkopo huku akijua kwamba hatalipa, mimi sioni tofauti kati ya jambo hilo na kuchukua mali ya mtu usiku. Hili ndilo ningependa liandikwe katika kila makubaliano ya mgeni anayeingia kaunti hii: siku atakapoanza kufikiria kufunga, aanze kulipa taslimu anapopokea mzigo.

Ningependa pia serikali ya kaunti, inapompa mwekezaji ardhi au kumrahisishia vibali, imtake aeleze hadharani siku ngapi atawalipa wasambazaji wadogo, na kila mwaka aeleze ni siku ngapi aliwalipa kweli. Ankara ikichelewa, iwe na riba iliyoandikwa katika mkataba, ili kuchelewesha kugharimu kitu. Na ninyi wakulima na wasindikaji, jiungeni katika vyama vya ushirika kabla ya kwenda katika mlango huo. Karani anayeweza kumkatalia mama mmoja chupa mbili hamkatalii ushirika wa watu mia mbili bila kuandika sababu. Mama yangu na mimi tulikwenda peke yetu, kwa tuktuk, tukiona fahari kwamba bidhaa yetu ina jina letu.

Wageni wetu mlioko hapa, mmekaa kwa saa nzima mkisikiliza kwa tafsiri, na nawashukuru. Baadhi yenu mmeniambia nje kwamba mnanuia kununua njugu, asali, mchele wa Ahero na samaki wa vizimba. Karibuni sana. Daftari la mama nimekuja nalo, liko mezani pale kando ya maji ya kunywa. Ukurasa wa kushoto una tarehe tulizopeleka mzigo, na wa kulia una tarehe tulizolipwa. Kuna sehemu ndefu upande wa kulia ambazo hazina kitu. Naomba kila mmoja wenu alifungue kabla ya chakula, na yule atakayekuwa tayari kuniambia tarehe yake ya malipo kwa idadi ya siku, nitakuwa nimekaa papo hapo na kalamu.